BD au mauzo ya kiufundi? Nimekaa pande zote mbili, soma kabla hujasaini

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna injinia kijana ananitafuta na swali lilelile: amechoka kukaa na michoro, ana ofa mbili mezani, moja imeandikwa injinia wa mauzo na nyingine ofisa wa BD (business development, yani kuitafutia kampuni kazi mpya), achukue ipi. Wengi wakifika kwangu wanakuwa wameshaamua kwa kuangalia ipi inakuja na gari, wanatafuta tu mtu wa kuwaambia wamepatia. Mimi siwezi kukuchagulia, ila nimefanya mauzo ya kiufundi miaka sita, pampu na vali na baadae mota na vidhibiti vyake, alafu nikahamia BD kwenye kampuni inayosanifu na kujenga mitambo, kwaiyo naweza kukwambia kila upande unauma wapi.

Kwanza tuelewane maana haya mawili watu wanayachanganya sana, hata maboss wenyewe.

Kwenye mauzo ya kiufundi unauza kitu kilichopo. Kina namba ya modeli, kina grafu ya uwezo wake, kina bei kwenye eksel ya bosi, na kazi yako ni kuhakikisha kitu hicho kinakaa kwenye tatizo la mteja bila kuleta aibu. Kwenye BD unauza kitu ambacho hakijazaliwa bado: usanifu, usimamizi, au mtambo mzima utakaojengwa mwaka keshokutwa. Huna sampuli ya kumwekea mteja mezani. Ulichonacho ni CV za mainjinia wenu, miradi mliyomaliza huko nyuma, na sura yako. Karibu kila ntakachosema hapa chini kinazaliwa na hiyo tofauti moja.

Siku ilivyo kwenye mauzo

Saa mbili asubuhi simu inaita. "Injinia, nataka pampu ya hosipawa ishirini, una bei gani?"

Hapo ndo kazi inaanza, maana hakuna binadamu anayehitaji pampu ya hosipawa ishirini, anahitaji maji kiasi fulani yafike juu kiasi fulani, hosipawa zinakuja zenyewe. "Mzee, maji yanatoka wapi yanaenda wapi? Kwa saa unataka kiasi gani? Bomba lina upana gani, urefu je? Maji masafi au yana mchanga?" Maswali mawili ya kwanza atakujibu, ya tatu atasema ngoja nimuulize fundi, ya nne utalipata ukienda saiti mwenyewe na viatu vyako vikiingia matope.

Chukua mfano, mita za ujazo 100 kwa saa, kupandisha mita 40. Ukipiga hesabu unapata karibu kilowati 10.9, hiyo ni nguvu inayoingia kwenye maji yenyewe. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 75 itataka kama 14.5 kwenye shafti. Mota zinauzwa kwa saizi zilizopangwa, 11, 15, 18.5, 22, sasa 14.5 ndani ya 15 ni kubeba ndoo iliyojaa hadi mdomoni, kwaiyo unaweka 18.5. Mshindani wako kaleta pampu ya asilimia 68 na mota ya 15 ili bei ishuke, na kwa ufanisi huo shafti inataka kilowati 16, yani mota imezidiwa kabla hata haijatoka kwenye boksi. Mteja haoni hayo, anaona tu kwamba wewe ni ghali.

Sasa hapo ndo unapata mshahara wako. Tofauti ya 75 na 68 pale ni kilowati moja na nusu hivi, inaonekana upuuzi, lakini mtambo ukizunguka masaa 6,000 kwa mwaka hizo ni yuniti 9,000 za umeme kila mwaka mpaka pampu izeeke. Usimpigie wewe hiyo hesabu mpaka mwisho. Mwambie atoe bili yake ya mwezi uliopita, aangalie yuniti moja analipia ngapi, apige mwenyewe kwenye simu yake. Akipiga mwenyewe anaamini, ukimpigia wewe anaona unamuuzia.

Na kuna siku hesabu inakugeuka. Ile mita 40 sikuitoa hewani. Mteja aliniambia "ni mita arobaini injinia", mimi nikaandika 40 kama jumla ya kazi ya pampu, kumbe yeye alipima kilima tu, kutoka chanzo mpaka tenki. Bomba lilikuwa la milimita 150, urefu kama kilomita moja, na maji hayo 100 kwa saa yakipita humo yanapoteza mita 15 hivi kwa msuguano peke yake. Kwaiyo kazi ya kweli ilikuwa 55. Siku ya kuwasha tuko wote pale, mteja kaja na wakubwa zake, maji yakatoka, watu wakapiga makofi, na mimi nimetoa macho kwenye mita ya maji inasoma sitini na kitu badala ya mia, natamani ardhi ipasuke. Pampu haikuwa na ubovu wowote, ilikuwa inafanya kazi pale grafu yake inapokutana na lile bomba, fizikia haina undugu. Kampuni ikagharamia kubadilisha na kamisheni yangu ya robo ile ikaenda na maji, na hapa siongei kwa mafumbo.

Ila angalia kitu kimoja kwenye hiyo hadithi: nilijua nimekosea siku ileile, na nilijua nimekosea wapi. Shika hapo, tutarudi.

Siku ilivyo kwenye BD

Hakuna anayekupigia. Hiki ndo kitu cha kwanza kinachowashtua wanaotoka kwenye mauzo, simu imekaa kimya na wewe ndo unatakiwa kuitafutia sababu ya kuita. Unasoma bajeti, unasoma mipango ya miaka mitano ya mashirika, unafatilia nani kapata mkopo wa mradi, nani kanunua eneo jipya la kiwanda, nani kabadilisha meneja wa miradi. Unakunywa chai na mtu ambaye hana kazi ya kukupa mwaka huu wala mwakani. Mchana unahangaika kutafuta kampuni ya kuingia nayo ubia kwa sababu nyie hamna mradi wa maji taka kwenye rekodi yenu na tenda inataka miwili. Jioni unamwandikia injinia wenu kumbembeleza atume CV yake kwa fomati ya mteja, ni mara ya nne unamwandikia.

Kama unaiona tenda kwa mara ya kwanza siku ilipotangazwa, ujue kuna mtu aliyeijua mwaka mzima kabla yako. Na simaanishi rushwa, ingawa najua wengine wenu mmeshacheka. Namaanisha alikaa na mteja wakati mteja bado hajui kama anahitaji kuongeza mtambo au kukarabati uliopo, akamsikiliza, akaelewa kinachomnyima usingizi ni nini, na tenda ilipotoka yeye aliandika andiko (maelezo ya kuombea kazi) linalojibu hofu hiyo wakati nyie mnaandika kampuni yetu ina uzoefu wa muda mrefu. Ila kuna mpaka hapo wa kuuheshimu: ukimsaidia mteja kuandaa spesi (masharti ya kiufundi ya kinachonunuliwa) au hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa) zenyewe unaweza ukajifungia mlango, taratibu nyingi za manunuzi, za Benki ya Dunia zikiwemo, zinaihesabu hiyo kuwa mgongano wa maslahi na mnaondolewa kwenye mashindano.

Kikao kikubwa kuliko vyote BD ni kile cha "tuingie au tuache". Andiko moja la maana linakula wiki kadhaa za mainjinia ambao wangekuwa wanafanya kazi ya kulipwa, kwaiyo kila tenda unayoingia kwa kujaribu bahati ina bei, ila bei yake haionekani kwenye ankara yoyote. Mimi mtazamo wangu ni mkali kidogo: kama hatujawahi kuongea na mteja, hatuna mradi unaofanana, na zimebaki wiki mbili, tuache. Maboss wengi hawapendi kusikia hivo. Wanapenda kuona tumetuma maandiko 40 kwa mwaka, hata kama 38 yaliishia kwenye kabati la mtu.

Mteja anachaguaje

Hapa nikae kidogo maana ndo panapoamua ujuzi gani utakulipa.

Ukiuza vifaa, mara nyingi mambo ni mepesi: umetimiza spesi? Umetimiza. Basi mwenye bei ndogo achukue. Ndo maana injinia wa mauzo mzuri anapigana mapema, spesi ikiwa bado kwenye penseli kwa mshauri wa mradi, ili neno "ufanisi usipungue asilimia 74" liingie humo kwa uhalali kabisa. Likishaingia nusu ya washindani wanabaki nje, lisipoingia unabaki kubishana na watu wa manunuzi ambao kwao pampu ni pampu.

Ukiuza huduma ya ushauri wa uhandisi mambo yanageuka. Miradi mingi inayofadhiliwa na benki za maendeleo hutumia ubora na bei kwa pamoja, bahasha mbili, na ya bei haifunguliwi mpaka ya kiufundi iwe imeshapewa maksi. Weka mfano wa uzito 80 kwa 20. Kampuni A imepata maksi 90 za kiufundi, bei yake 500,000. Kampuni B imepata 80, bei yake 400,000. Mwenye bei ndogo anachukua 100 ya bei, A anapata 80 kwa sababu 400 gawanya kwa 500. Jumlisha sasa: A ana 72 na 16, jumla 88. B ana 64 na 20, jumla 84. A kashinda akiwa ghali kwa robo nzima! Lakini badilisha uzito uwe 50 kwa 50 uone, A anapata 85, B anapata 90, kibao kimegeuka. Mtu wa BD anayesoma tenda bila kwenda kwanza kwenye ukurasa wa uzito wa maksi anacheza kamari na hela ya kampuni. Na Marekani wamekwenda mbali zaidi, tangu 1972 wana sheria inayoitwa Brooks Act, kazi za usanifu na uhandisi za serikali kuu wanapanga kwanza kampuni kwa sifa, alafu ndo wanakaa na ya kwanza kujadili bei.

Maana yake kwako ni kwamba mauzo yanakulipa kwa hesabu na kasi, BD inakulipa kwa kuandika na kwa kuwajua watu wa ndani ya kampuni yako mwenyewe. Kiongozi wa timu mwenye CV nzito ana thamani kuliko punguzo lolote, na yeye anajua hilo.

"Mkuu, naomba jina lako kwenye andiko la wiki ijayo."
"Mwaka huu umeshaniweka kwenye mangapi?"
"Saba, mkuu."
"Na tukishinda mawili kwa pamoja nitajigawa vipi?"

Hilo swali sikuwahi kupata jibu lake. Niliendelea tu kumweka.

Kusubiri, na hapa ndo pa kuamulia

Wengi wanadhani tofauti ni kuongea, kwamba BD ni ya waongeaji na mauzo ya kiufundi ni ya wapole. Siyo kweli, nimeona wapole wakibeba BD na waongeaji wakifukuzwa pande zote mbili. Tofauti inayovunja watu ni hii: unaweza kukaa muda gani bila kujua kama unashinda au unashindwa?

Mauzo, spea unatuma kotesheni asubuhi jioni una jibu. Mtambo mkubwa miezi mitatu, minne, labda sita. Umekosea unajua, kama mimi na ile mita ya maji. Kila mwezi tageti inasafishwa inaanza upya, inachosha lakini pia inasamehe, Februari mbaya inafunikwa na Machi.

BD miezi nane imepita na huwezi kusema kwa uhakika kama umefanya kazi au ulikuwa unazurura umevaa shati zuri. Vikao vimefanyika, chai imenywewa, mteja anasema "tuko pamoja". Kila Jumatatu bosi anataka paipulaini, yani orodha ya kazi mnazofukuzia na uwezekano wa kuzipata, na wewe unaandika mradi ule uko asilimia 60, wa pili 40, na ukweli ni kwamba ile 60 umeiandika kwa sababu wiki iliyopita ulipoandika 50 alikunja uso. Kila mtu kwenye kile kikao anajua hizo asilimia zinatoka wapi na hakuna anayesema. Mkishindwa mara nyingi hamwelezwi vizuri kwa nini, mnapata barua ya aya tatu. Mkishinda pia hujui kama ni wewe au ni ile CV.

Nikupe ya kwangu. Tulifukuzia kazi moja miezi kumi na moja, kusanifu na kujenga, kila kitu kilikuwa sawa, saiti tumeenda mara mbili, mbia tumempata, bei imekaa vizuri. Tenda ilisema zabuni iwe halali siku 120 na dhamana ya benki (inayomlinda mteja mkijitoa) iwe hai siku 28 zaidi ya hapo, yani 148. Benki ikatoa ya siku 120. Sisi tukaikagua kiasi, tukakagua mhuri, tukakagua jina la mteja, hakuna aliyehesabu siku. Ilipokuja barua ikasema haikukidhi masharti, basi, hata andiko letu halikusomwa. Bei zilisomwa hadharani siku ya ufunguzi na yetu ilikuwa ya chini kuliko zote, kwaiyo nilibaki na hiyo ya kuniuma pia. Kuanzia siku hiyo nahesabu tarehe za dhamana kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, wenzangu wanacheka, wacheke tu.

Kama kusubiri hivo kunakutoa usingizi, usijidanganye kwamba utazoea. Mimi mwaka wa kwanza BD nilikuwa naomba kabisa nisaidie kutuma kotesheni za idara ya mauzo ili angalau nione kitu kimeisha.

Hela

Mauzo kwa kawaida msingi mdogo na kamisheni juu, BD msingi mkubwa kidogo na bonasi mwisho wa mwaka. Hiyo kila mtu anajua, kinachowaliza watu kiko chini yake. Kwenye mauzo uliza kamisheni inahesabiwa lini: oda ikiingia, ankara ikitoka, au hela ikifika benki? Hayo ni mambo matatu tofauti na kwa mteja mlipaji wa polepole yanapishana hata nusu mwaka. Na inahesabiwa kwenye mauzo au kwenye faida? Kama ni kwenye faida na bei ya kununulia huruhusiwi kuiona, basi kamisheni yako ni hisani. BD tatizo ni jingine, kazi uliyoianza wewe inaweza kusainiwa ukiwa umeshaondoka, na siku ya ushindi kila mtu alihusika mpaka aliyeprinti. Taka maandishi yanayosema ushindi unahesabiwaje na unahesabiwa kwa nani. Usione aibu, ukiona aibu kujadili hela yako utajadili vipi ya kampuni.

Makaratasi

Haya hayafundishwi chuoni na pande hizi mbili zinatofautiana sana. Mtu wa mauzo ajue Incoterms, kanuni za kimataifa za nani analipia na kubeba hatari ya mzigo mpaka wapi, toleo la sasa ni la 2020, kwa sababu bei ya kuchukulia kiwandani na bei ya kufikishwa mlangoni ushuru ukiwa umelipwa ni bei mbili tofauti kabisa, na kotesheni isiyosema ni ipi ni kesi inayosubiri siku yake. Ajue pia waranti inaanza lini, mtambo ukifika au ukiwashwa.

Mtu wa BD ajue mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) angalau kwa rangi: kitabu chekundu ni kazi ambayo kwa kawaida mteja kaisanifu, cha njano mkandarasi anasanifu mwenyewe, cha fedha mkandarasi anakabidhi mtambo mzima tayari na hatari nyingi zinakaa mgongoni kwake. Ukiona cha fedha na mteja hataki kuwapa muda wa kupima udongo, hapo ndo pa kusema tuache. Ajue dhamana ya utekelezaji (inayomlinda mteja mkishindwa kumaliza kazi), fidia ya kuchelewa kwa siku, na ile sehemu ya malipo inayozuiliwa mpaka kipindi cha marekebisho kiishe. Siyo lazima uwe mwanasheria, inatosha unuse moshi kabla ya moto.

Sasa nani aende wapi

Ukinibana niseme, ntasema hivi. Kama una chini ya miaka mitano kwenye uhandisi, nenda mauzo ya kiufundi. BD mteja atakuuliza umejenga nini, na jibu "kampuni yetu imejenga" kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo linasikika halina uzito. Mauzo yatakupeleka saiti nyingi kwa mwaka kuliko ambavyo msanifu anaziona kwa miaka mitatu, utajua mitambo inavyokufa, utajua watu wa manunuzi wanaongeaje, na hayo yote ni mtaji ukitaka kuhama baadae. Kutoka mauzo kwenda BD njia ipo wazi, kurudi ni kugumu, hesabu zinashika kutu na bidhaa zinabadilika. Mimi leo ukinipa grafu ya pampu naisoma, lakini mota za siku hizi na vidhibiti vyake vijana wananiacha mbali.

Kama umeshasimamia miradi, jina lako linajulikana kwa wateja kadhaa na unapenda kuandika, nenda BD, na usikubali kuanza na cheo cha kuchapa maandiko ya wengine. Kama huna subira lakini unapenda watu, mauzo. Kama unapenda watu kupita kiasi, yani huwezi kumwambia mtu hapana, pande zote mbili zitakuumiza ila BD itakuumiza polepole zaidi.

Kuna na njia ya tatu watu wanaisahau, makampuni mengi ya ushauri hayana mtu wa BD kabisa, injinia anayefanya mradi ndo huyohuyo anatafuta unaofuata. Ni nzuri kama umepangiwa masaa ya kutafuta. Kama hujapangiwa utatafuta usiku.

Na usiamini cheo. Nimeona "meneja wa BD" ambaye kazi yake ni kupeleka kotesheni za nati na bolti, nimeona "injinia wa mauzo" ambaye haruhusiwi kugusa hesabu, anapokea simu tu na kumpasia mtu wa ndani. Kwenye usaili omba waseme mtu aliyekuwepo kwenye hiyo nafasi wiki iliyopita alifanya nini Jumatatu mpaka Ijumaa. Wakikujibu ametembelea saiti mbili, katuma kotesheni sita, kabishana na stoo, hayo ni mauzo hata wakiyaita jina gani. Wakikujibu alikuwa kwenye kikao cha mbia, anaandika sehemu ya mbinu ya kazi, kaenda kumwona mteja wa mradi wa mwakani, hiyo ni BD. Wakitazamana kabla ya kujibu, uliza huyo mtu yuko wapi sahivi, alikaa miezi mingapi, na tageti yake ilikuwa ngapi.